Upande Uliotulia wa Kisiwa: Majibu kwa Wasomaji Wanaokwenda Karibi

Barua zilizotufikia kuhusu mapumziko katika visiwa vya Karibi zimekuwa nyingi, hata tumeona vyema ukurasa wote wa toleo hili uzihusu. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine, na tumezifupisha bila kubadili maana.

SWALI: Sisi ni marafiki sita tuliosoma pamoja, na baada ya kuahirisha kwa muda mrefu tumekubaliana kwenda Karibi kwa siku kumi. Hatutaki safari ya mbio. Tunataka bahari, kivuli na muda wa kuzungumza. Tatizo ni kwamba kila mmoja ana kisiwa chake: mmoja anataka Jamaika, mwingine Barbados, mwingine Aruba, na yupo anayependekeza tuzunguke visiwa vinne ili wote waridhike. Tuchague vipi? *Mratibu wa Kikundi*

JIBU: Ndugu mratibu, niruhusu nianze na pendekezo la visiwa vinne, kwa kuwa ndilo litakalowachosha kuliko yote. Kwenye ramani visiwa hivi huonekana vimekaribiana sana, lakini vingi kati yavyo ni nchi zinazojitegemea, zenye uhamiaji, forodha na sarafu zake, na ndege zinazoviunganisha ni chache na nauli zake ni kubwa ukilinganisha na umbali. Siku ya kuhama huishia katika kufunga mizigo, kungoja uwanjani na kupanga foleni. Mkihama mara tatu, karibu theluthi ya mapumziko yenu itakuwa imekwenda na hamjalowesha miguu. Chagueni kisiwa kimoja. Ikiwa hamu ya kuona kingine haitulii, tafuteni mahali ambapo feri inatosha: kutoka Saint Vincent kwenda Bequia ni mwendo wa takriban saa moja, na Saint Kitts na Nevis, ambavyo kwa pamoja ni nchi moja, vimetenganishwa na mlango mwembamba wa bahari ambao vyombo huuvuka kila siku.

Sasa kuhusu kisiwa chenyewe. Watu wengi huuliza ni kisiwa kipi chenye ufukwe mzuri, nami ningependa waulize kwanza ni upande upi wa kisiwa. Karibu mwaka mzima upepo huvuma kutoka mashariki na kaskazini-mashariki, ukiyasukuma mawimbi ya Atlantiki hadi kwenye pwani za mashariki za visiwa vilivyojipanga kwa umbo la upinde kutoka Visiwa vya Virgin hadi Grenada. Pwani za magharibi, zinazoitazama Bahari ya Karibi, hukingwa na kisiwa chenyewe, na maji yake mara nyingi huwa shwari. Barbados inalionyesha jambo hili waziwazi. Huko Bathsheba, upande wa mashariki, mawimbi ni makubwa kiasi cha kuwavuta mabingwa wa kuteleza kwa ubao kutoka nchi nyingi, na mikondo yake haimfai muogeleaji wa kawaida. Ilhali Paynes Bay na Mullins, upande wa magharibi, ni mahali ambapo mtu anaweza kusimama majini hadi kifuani na kuendelea na mazungumzo. Kisiwa kizima kina urefu wa takriban kilomita 34 na upana wa kilomita 23 tu. Marafiki wawili wanaweza kufikia pande mbili za kisiwa hicho kimoja, wakarudi na habari zisizofanana hata kidogo, na wote wawili wakawa wakweli.

Kanuni hii ina kasoro moja ya kukumbuka: kati ya Desemba na Aprili, dhoruba za mbali za Atlantiki ya Kaskazini huweza kuleta mawimbi marefu katika pwani zinazotazama kaskazini, na nyakati nyingine yakazunguka hadi magharibi. Hali hiyo kwa kawaida hupita baada ya siku chache.

Rangi ya mchanga nayo haiji kwa bahati. Visiwa vya chokaa na matumbawe, kama Barbados, Anguilla na Antigua kwa sehemu kubwa, vina mchanga mweupe uliotokana na matumbawe na makombe yaliyosagika, na sehemu yake imepitia tumboni mwa samaki aina ya kasuku, ambao hutafuna matumbawe na kuyatoa yakiwa mchanga. Visiwa vya volkano, kama Dominica na Montserrat, vina mchanga wa kijivu au mweusi. Saint Lucia ina vyote viwili: mchanga wa rangi ya dhahabu kule Reduit, kaskazini, na mchanga mzito zaidi kwa rangi karibu na Soufrière, chini ya vilele viwili vya Pitons vilivyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2004. Mchanga mweusi ni mzuri kuutazama, lakini hushika joto, kwa hiyo anayeutembea mchana avae viatu.

Kwa visiwa mlivyovitaja, Jamaika ina ufukwe mrefu wa Negril, unaojulikana kwa jina la Maili Saba ingawa kwa kipimo haufiki huko, na kwa kuwa uko ncha ya magharibi, jua huzama mbele yenu kila jioni. Hata hivyo, kimbunga Melissa kiliipiga Jamaika kwa nguvu kubwa tarehe 28 Oktoba 2025, na magharibi ya nchi ndiyo iliyoumia zaidi. Sikushaurini muikwepe, kwa sababu maelfu ya familia za huko zinaishi kwa wageni. Ninashauri muulize moja kwa moja, kabla ya kulipa, kama nyumba mnayoitaka inafanya kazi kikamilifu. Aruba ni kavu, ina mipungate badala ya misitu, na upepo wake haukomi, jambo linalompendeza asiyevumilia joto na kumkera anayetaka kusoma gazeti ufukweni. Fukwe zake tulivu, Eagle Beach na Palm Beach, ziko upande wa magharibi.

Lakini kama uamuzi ungekuwa wangu, kwa watu sita wanaotaka bahari, kivuli na mazungumzo, ningewapeleka Grenada. Ufukwe wa Grand Anse una urefu wa takriban kilomita 3, uko kusini-magharibi penye kinga, una miti ya kutosha nyuma yake, na hauko mbali na mji mkuu, St. George's, wala uwanja wa ndege, hivyo hamtapoteza nusu siku barabarani. Wanaotaka kutazama chini ya maji wana ghuba ya Molinière, ambako tangu mwaka 2006 kuna sanamu zilizozamishwa na mchongaji Jason deCaires Taylor, nyingine zikiwa katika kina ambacho mtu anaweza kuziona kwa miwani na mrija wa kupumulia tu. Pendekezo langu la pili ni Tobago, hasa kijiji cha Castara, kwa wale ambao neno mapumziko kwao lina maana ya kijiji cha wavuvi na nyumba chache mlimani. Milima ya Tobago ina msitu uliohifadhiwa kisheria tangu mwaka 1776, na kuutembelea asubuhi moja kunatosha kuwa ndiyo shughuli pekee ya wiki nzima.

SWALI: Bei za malazi hushuka sana kati ya Juni na Novemba, nasi fedha zetu si nyingi. Je, ni busara kwenda katika miezi hiyo, au tunajiuza kwa vimbunga? *Msomaji wa Muda Mrefu*

JIBU: Msimu wa vimbunga wa Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, lakini uzito wake haulingani mwezi kwa mwezi. Bahari huwa na joto jingi zaidi kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Oktoba, na joto hilo ndilo chakula cha kimbunga. Irma iliyoibomoa Barbuda na Maria iliyoipiga Dominica na Puerto Rico zote zilitokea Septemba 2017. Ivan iliharibu sehemu kubwa ya Grenada Septemba 2004. Nje ya kipindi hicho hatari hupungua bila kutoweka, kwani Beryl ilikifikia kisiwa cha Carriacou, ambacho ni sehemu ya Grenada, tarehe 1 Julai 2024, mapema kuliko ilivyotarajiwa na wengi.

Kwa kikundi chenye fedha za kuhesabu, mimi ningelenga Mei, au wiki za mwisho za Novemba hadi katikati ya Desemba. Msimu wa bei kubwa huanza kabla tu ya Krismasi na kuendelea hadi katikati ya Aprili. Ukiingia pembeni mwake unapata bahari ileile, yenye joto la takriban nyuzi 27, kwa gharama ndogo zaidi na bila msongamano. Ikiwa likizo zenu zinaangukia Agosti au Septemba na haziwezi kuhamishwa, nendeni kusini. Aruba, Bonaire na Curaçao, karibu na pwani ya Venezuela, ziko nje ya njia kuu ya vimbunga, na Trinidad na Tobago hupigwa mara chache mno. Sisemi kamwe: kimbunga Flora kiliiharibu vibaya Tobago mwaka 1963.

Bima ya safari inunuliwe siku mnayolipa nauli, na isisubiri habari za redio. Kampuni za bima kwa kawaida hazilipi hasara ya dhoruba ambayo tayari ilikuwa imepewa jina wakati bima inanunuliwa, nanyi mnapaswa kusoma kipengele hicho kwa macho yenu. Kubalianeni pia mapema ni nani atakayefuatilia taarifa za kituo cha taifa cha vimbunga cha Marekani kilichoko Miami, ambacho hutoa maelekezo ya mwelekeo wa dhoruba siku kadhaa kabla. Watu sita wakifuatilia kila mmoja kivyake huishia kutishana.

SWALI: Mimi ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wenzangu wote katika safari tunayoipanga. Wananipenda na sina shaka nao, lakini wanapotaja mashua za kukodi na mikahawa ya ufukweni, mimi hunyamaza. Naogopa kuwa mzigo, na naogopa zaidi kusema. Nifanye nini? *Ninayehesabu*

JIBU: Ndugu yangu, barua yako ndiyo niliyoisoma mara nyingi zaidi kuliko zote, kwa sababu mapumziko ya marafiki huvunjwa na jambo hili mara nyingi kuliko yanavyovunjwa na mvua. Anayenyamaza nyumbani hulazimika kunyamaza mara kumi zaidi akiwa kisiwani, kila ankara inapoletwa mezani, na ukimya huo wenzake huutafsiri vibaya: hudhani amechoka nao, au amenuna. Sema sasa, kabla mtu yeyote hajalipa chochote, na useme kwa tarakimu. Maneno kama «sina uwezo mkubwa» humwacha kila mtu akikisia; maneno kama «kiasi changu chote, baada ya nauli, ni hiki» huwapa wenzako kitu cha kupangia. Ukiona vigumu kusema mbele ya kikundi kizima, mwambie yule mnayeelewana zaidi, naye alifikishe kama pendekezo la kila mtu kutaja kikomo chake. Sitashangaa ikigundulika kwamba hauko peke yako.

Baada ya hapo kuna njia nyingi za kuipunguza gharama bila kuipunguza safari. Kodini nyumba moja yenye jiko, mahali ambapo mtafika ufukweni kwa miguu, kwa kuwa teksi ndiyo inayotafuna fedha kimyakimya katika visiwa visivyo na mabasi ya kutosha. Barbados na Grenada zina mabasi madogo yanayopita pwani mara kwa mara, na kwayo unafika karibu kila ufukwe utakaoutaka. Kifungua kinywa na chakula cha mchana viandaliwe nyumbani, na jioni mle wanakokula wenyeji: Ijumaa usiku samaki wa kuchoma na kukaanga huko Oistins, Barbados, au katika mji wa wavuvi wa Gouyave, Grenada, au nyama ya kaa kwa maandazi ya kuchemsha katika vibanda vya Store Bay, Tobago. Vyakula hivyo si vya kujinyima. Ndivyo vitakavyokumbukwa.

Ufukwe wenyewe, katika visiwa vingi, ni wa watu wote kisheria. Huko Barbados na Antigua hakuna hoteli inayoweza kuumiliki mchanga uliopo kati yake na maji, hata kama imepanga viti vyake juu yake. Viti vina bei, mchanga hauna. Jamaika ni tofauti, kwa kuwa sheria ya fukwe ya mwaka 1956 haikuwapa wananchi haki ya jumla ya kuogelea popote, na sehemu nyingi hutoza kiingilio. Wananchi wa huko wamekuwa wakiipigania haki hiyo, na mimi naona wana hoja.

Kuhusu namna ya kushika fedha, wekeni mfuko mmoja wa pamoja kwa ajili ya chakula, usafiri na usafi wa nyumba, kila mtu akichangia kiasi sawa siku ya kwanza, na mmoja awe mweka hazina. Kila kilicho nje ya hayo, kama mashua, kuzamia kwa mtungi wa hewa au vinywaji vya bei, kilipwe na anayekitaka, na asiyekitaka asiulizwe sababu. Jambo la mwisho ndilo muhimu: rafiki anayebaki chini ya mti akisoma wakati wengine wamekwenda kuzamia hajajitenga na kikundi. Katika siku kumi, watu sita hawapaswi kuwa pamoja kila saa, na asubuhi ambayo kila mmoja ameamka kwa wakati wake na kutembea alikotaka huwafanya wakutane mchana wakiwa na la kusimuliana.

Mwambie mweka hazina wenu aulize kila mara ni dola ipi. Nchi sita huru za Karibi Mashariki, zikiwemo Grenada, Saint Lucia na Antigua na Barbuda, pamoja na Anguilla na Montserrat, hutumia dola ya Karibi Mashariki, ambayo tangu mwaka 1976 thamani yake haijabadilika: 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Dola ya Barbados ni 2 kwa moja. Dereva wa teksi anayesema «hamsini» huenda anamaanisha hamsini za Marekani au hamsini zake, na kwa kuwa teksi nyingi hazina mita, bei na sarafu vikubaliwe kabla mlango haujafungwa. Angalieni pia sehemu ya chini ya ankara za mikahawa. Ada ya huduma ya asilimia 10 au 15 mara nyingi imekwisha kuongezwa.

Utaulizwa kuhusu hoteli zinazotoza kila kitu kwa pamoja, chakula na vinywaji vikiwemo. Zina faida ya kweli kwa kikundi chenye vipato tofauti, maana hakuna ankara ya kuogopa. Hasara yake ni kwamba mtu huona ni hasara kula nje, na hivyo hukaa siku kumi ndani ya ukuta. Mkizichagua, chagueni iliyo karibu na kijiji.

SWALI: Tunahitaji viza ngapi? Kila tunayemuuliza anatupa jibu lake. *Wawili Wenye Pasipoti Mpya*

JIBU: Majibu yanatofautiana kwa sababu maswali ni mawili: kisiwa mnachokwenda na uwanja mtakaopitia. Visiwa vilivyo katika Jumuiya ya Madola huwaruhusu raia wa nchi nyingi za jumuiya hiyo kuingia bila viza, lakini kila nchi ina orodha yake na hubadilika, kwa hiyo someni tovuti ya uhamiaji wa nchi husika. Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani vinataka viza ya Marekani. Martinique na Guadeloupe ni Ufaransa kamili, ila haziko ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na viza ya kuingia Paris peke yake haitoshi kuwafikisha huko. Visiwa vya Uholanzi navyo vina utaratibu wake.

Uwanja wa kupitia ndio unaowakwamisha wengi. Marekani haina njia ya kubadilisha ndege bila kupita uhamiaji, kwa hiyo hata anayekaa saa mbili Miami anahitaji viza. Uingereza hutaka viza ya kupitia kwa raia wa nchi nyingi za Afrika. Ndege za Barbados, Antigua, Saint Lucia na Grenada huondoka London, za Aruba, Bonaire na Curaçao huondoka Amsterdam. Mwenye viza ya kupitia mmoja wa miji hiyo tayari amemaliza nusu ya kazi ya kuchagua kisiwa. Kwa wanaosafiri kwa ndege za Paris, hakikisheni kama mtabadilisha uwanja kati ya Charles de Gaulle na Orly, kwani kufanya hivyo ni kuingia Ufaransa.

Bebeni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Visiwa vingi hukidai kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo; huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote. Malaria haipo katika visiwa vingi vya Karibi, isipokuwa kile kinachogawanywa na Haiti na Jamhuri ya Dominika, lakini dengi ipo, na mbu wake huuma mchana. Jioni inapoingia visubi hutoka mchangani, na mafuta ya kuwafukuza ni bora yaingie katika mzigo kuliko kutafutwa huko.

SWALI: Mmoja wetu hajui kuogelea, na wengine wawili wanajua kidogo. Je, kuna ya kuogopa? *Mama wa Kikundi*

JIBU: Yapo ya kujua, na ukiyajua hofu hupungua. Karibi ina neema moja kwa asiyeogelea: tofauti ya maji kujaa na kupwa ni ndogo sana, mahali pengi haifiki nusu mita, kwa hiyo pale palipokuwa na kina cha kiunoni asubuhi patakuwa vivyo hivyo jioni. Tobago ina mahali panapoitwa Nylon Pool, uwanja wa mchanga katikati ya bahari wenye kina cha takriban mita moja, ambao mashua za Store Bay na Pigeon Point huwapeleka wageni. Rafiki yenu atasimama katikati ya bahari na maji safi yamemzunguka pande zote, naye hatakuwa ametegemea mtu. Avae jaketi la kuokolea akiwa ndani ya mashua, na wote msikanyage matumbawe ya Buccoo yaliyo karibu, kwa ajili yake yenyewe na kwa ajili ya nyayo zenu. Miambani kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya ngozi.

Fukwe nyingi hazina waokoaji. Ukihisi maji yanakuvuta kwenda kilindini, usishindane nayo kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea mchangani. Elea, inua mkono, na ukiweza ogelea sambamba na pwani hadi utoke katika mkondo, ambao mara nyingi ni mwembamba. Atakayekwenda kusaidia achukue kitu kinachoelea, kwani baadhi ya wanaozama ni wale waliokimbilia kuokoa wakiwa mikono mitupu.

Hatari nyingine iko nchi kavu, nami nashangaa inavyosahaulika. Mti wa manchinili huota ufukweni kabisa katika visiwa vingi, una majani ya kijani yanayong'aa na kivuli cha kuvutia, na matunda yake hufanana na tufaha dogo lenye harufu tamu. Utomvu wake mweupe hubabua ngozi, tunda lake huunguza kinywa na koo, moshi wa kuni zake huumiza macho, na maji ya mvua yanayodondoka kutoka majanini yanatosha kumtoa mtu malengelenge. Katika baadhi ya fukwe miti hiyo imepakwa mviringo wa rangi nyekundu au kuwekewa kibao, lakini si kila mahali. Siku ya kwanza mwombeni mwenyeji awaonyeshe mmoja, ili mvua ikiwakuta mjue msikimbilie chini yake.

Jua ni jambo la kila siku. Upepo hupoza ngozi kiasi kwamba mtu haoni anaungua, kwa hiyo kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri kaeni kivulini na mwogelee mkiwa na fulana. Losheni ya kujikinga na jua yenye kemikali ya oksibenzoni imepigwa marufuku Aruba, Bonaire na Visiwa vya Virgin vya Marekani kwa kuwa inadhuru matumbawe. Tafuteni ile ya madini ya zinki.

SWALI: Nimeona picha za fukwe zilizojaa mwani wa kahawia. Je, ni kweli, na tutaukwepa vipi? *Mwenye Shaka*

JIBU: Ni kweli. Ni mwani unaoelea, aina ya sagasamu, ambao tangu mwaka 2011 umekuwa ukifika kwa wingi usio wa kawaida kutoka Atlantiki ya kitropiki. Baharini ni makazi ya samaki wachanga na kasa. Ukirundikana ufukweni na kuoza, hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, na mwenye pumu hapaswi kukaa karibu nao. Huja zaidi kati ya Machi na Agosti, na kwa kuwa unaletwa na upepo na mikondo ileile, hutua hasa pwani za mashariki. Chagueni malazi ya magharibi, na kabla ya kusafiri tazameni ramani za setilaiti zinazotolewa na Chuo Kikuu cha South Florida.

SWALI: Tungependa kupokelewa vizuri na wenyeji. Kuna desturi gani tusizozijua? *Wageni Wajao*

JIBU: Ya kwanza ni salamu, na hapo hamtakuwa wageni. Katika visiwa vinavyozungumza Kiingereza, anayeingia dukani au kupanda basi huwasalimu waliomo kwanza, kwa salamu ya asubuhi, mchana au jioni, ndipo aseme shida yake. Anayeanza na shida huonekana hakulelewa. Nguo za kuogelea ni za ufukweni: mkienda sokoni au mjini vaeni kamili. Msifungashe nguo yoyote yenye mabaka ya kijeshi, hata kofia ya mtoto, kwa sababu Barbados, Jamaika, Grenada, Saint Lucia, Trinidad na Tobago na nchi nyingine kadhaa zimeikataza kisheria kwa raia na wageni, na forodha huweza kuichukua. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, hasa wavuvi wakiwa kazini.

Matumbawe na makombe makubwa ya kochi, konokono mkubwa wa baharini, yaacheni yalipo. Kochi ni miongoni mwa viumbe ambavyo biashara yake inadhibitiwa kimataifa tangu mwaka 1992, na kombe lililookotwa kwa nia njema huweza kuwachelewesha wote sita uwanjani. Anayetaka zawadi anunue kungumanga na viungo katika soko la St. George's, vikiwa vimekauka na kufungwa vizuri, na avitaje katika fomu ya forodha anaporejea.